Minara Imefika Ziwani, Madarasa Bado

Kila baada ya miezi mitatu Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hutoa taarifa kuhusu hali ya sekta inayoisimamia, na kila mara habari inayotangulia ni ile ile: laini za simu zimeongezeka. Kwa miaka kadhaa sasa idadi ya laini hizo imeizidi idadi ya Wakenya wenyewe, tukihesabu hata vitoto vichanga vilivyo mgongoni. Msomaji asiye na hadhari huenda akadhani kwamba kazi imekwisha, kwamba nchi nzima imo mtandaoni, na kwamba anayelia kuachwa nyuma analia kwa mazoea tu.

Lakini laini si mtu. Mchuuzi wa samaki katika ufuo wa Sori au Mbita aghalabu huwa na laini mbili au tatu, moja ya kupokelea pesa, nyingine ya kupigia kwa bei nafuu, na ya tatu kwa sababu mtandao wa kwanza hupotea akivuka rasi. Huyo ni mtu mmoja aliyehesabiwa mara tatu. Sensa ya mwaka 2019, ambayo ilihesabu watu, ilileta picha tofauti kabisa. Miongoni mwa Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi, waliomiliki simu ya mkono walikuwa asilimia 47.3. Waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6, na waliotumia tarakilishi asilimia 10.4 pekee. Ni kweli kwamba hesabu hizo zina umri wake sasa, na kwamba zinawajumuisha watoto wasiotarajiwa kuwa na simu. Hata hivyo, mwalimu hawezi kulidharau neno la mwisho, kwa kuwa watoto hao ndio anaokabiliana nao kila asubuhi.

Nimeyachagua maeneo ya Migori na Homa Bay kuwa kielelezo kwa sababu ndani yake mna karibu kila jambo linaloukuza au kuukwamisha mtandao humu nchini. Mna barabara kuu ya lami, mpaka wa nchi jirani, visiwa, vilima, mashamba ya miwa na machimbo ya dhahabu. Kila mojawapo ya kaunti hizi mbili ilikuwa na zaidi ya watu milioni 1.1 katika sensa hiyo ya 2019. Hizi si nyika tupu ambazo mwekezaji anaweza kusema hakuona mteja.

Vijana walio katika shule za upili leo hawakuijua KPTC, na ni vyema waelezwe. Shirika la Posta na Simu la Kenya lilianzishwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa zaidi ya miaka 20 lilikuwa muuzaji, msimamizi na hakimu wa mawasiliano yote. Aliyetaka simu nyumbani alijaza fomu, akangoja, na pengine akahamishwa kikazi kabla ya kuipata. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi hii ilikuwa na simu za mezani takriban 300,000 kwa watu milioni 28.7 waliohesabiwa mwaka 1999. Katika ile iliyokuwa wilaya ya Nyanza Kusini, ambayo iligawanywa mwanzoni mwa muongo huo na kuzaa wilaya za Migori na Homa Bay, simu ilikuwa kitu cha ofisi ya serikali, posta, misheni na hospitali. Habari za msiba zilisafiri kwa matangazo ya vifo katika redio ya KBC, au kwa barua aliyokabidhiwa kondakta wa basi la Nairobi ikiwa na jina la mpokeaji na la soko ambalo angeteremshiwa.

Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1998 ndiyo iliyoupasua mwamba huo. Mwaka uliofuata KPTC iligawanywa mara tatu: Telkom ikachukua simu, Posta ikachukua barua, na Tume ya Mawasiliano ikachukua kirungu cha usimamizi. Mwaka 2000 wakaingia uwanjani Safaricom, ambayo Vodafone ya Uingereza ilikuwa imenunua asilimia 40 ya hisa zake, na Kencell, ambayo baadaye ilibadilishwa jina kuwa Celtel, kisha Zain, na hatimaye Airtel mwaka 2010. Kampuni hizi hazikuwa na haja ya kuchimba mitaro ya waya hadi mlangoni pa mteja. Mnara mmoja juu ya kilima ulitosha kuhudumia tarafa.

Watu wengi hudhani kuwa mitambo ndiyo iliyouleta ushindi wa simu za mkono. Mimi nashikilia kwamba uliletwa zaidi na namna ya kuuza. Safaricom ilitoza kwa sekunde wakati mpinzani wake alipokuwa akitoza kwa dakika nzima, na kadi za muda wa maongezi zikawa zinashuka thamani mwaka baada ya mwaka hadi mama muuza mboga akaweza kununua kredo kwa kipimo kile kile anachonunulia chumvi na mafuta ya taa. Soko la Kiafrika ni soko la vipimo vidogo, na aliyelielewa hilo ndiye aliyevuna. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilifuata kanuni hiyo hiyo katika pesa. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2010, tume iliikata karibu nusu ile ada ambayo kampuni hulipana mteja wa moja anapompigia wa nyingine, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika, na bei za kupiga simu zikaporomoka katika vita vikali vya kibiashara.

Intaneti ilikwenda kwa njia nyingine, na hapa ningependa tukae kidogo, kwa kuwa kisa chenyewe kinafaa kusimuliwa darasani. Katika miaka ya 1990, barua pepe iliyotumwa na mteja wa kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine ng'ambo ya barabara ilipanda hadi kwenye setilaiti, ikatua Ulaya au Marekani, ikapanda tena na kurudi Nairobi. Nauli ya safari hiyo ililipwa kwa dola. Watoa huduma wakakubaliana kuweka mahali pamoja pa kubadilishana shehena zao za ndani, na Novemba 2000 wakafungua kituo kilichoitwa KIXP. Telkom, ambayo wakati huo ilikuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa, ikalalamika kwamba haki yake imevunjwa. Tume ikakifunga kituo baada ya muda mfupi tu. Hakikufunguliwa tena hadi Februari 2002. Kwa zaidi ya mwaka mzima, basi, Wakenya waliendelea kulipia barua zao safari za Ulaya kwa sababu ya tafsiri ya leseni. Anayedhani kwamba maendeleo ya mawasiliano ni suala la uhandisi pekee na akitafakari kisa hiki.

Mwaka 2009 bahari ikafunguka. Kebo ya TEAMS, iliyovutwa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ilifika Mombasa mwezi wa Juni, na SEACOM ikaanza kazi mwezi wa Julai. EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo uwezo wa megabiti moja kwa sekunde kupitia setilaiti uligharimu dola elfu kadhaa kwa mwezi. Bei ya jumla ilianguka vibaya mno. Ile ya rejareja haikuanguka kwa kasi hiyo. Kampuni nyingi ziliona heri kumpa mteja kasi zaidi kwa bei ile ile ya zamani. Serikali nayo ilikuwa ikichimbia mkongo wake wa taifa, uitwao NOFBI, ambao baadaye ulikusudiwa kufika katika makao makuu ya kila kaunti.

Tatizo ni kwamba faiba hufuata lami. Ukishuka kutoka Kisii kupitia Rongo, Awendo na mji wa Migori hadi Isebania mpakani, umo katika mkondo wa biashara: kuna benki, kiwanda cha sukari, vyuo, hoteli za wageni. Hapo mwekezaji hahitaji kuombwa. Acha barabara hiyo uingie kulia kuelekea Nyatike, Macalder na Muhuru Bay, au katika Homa Bay uache lami uzunguke nyuma ya vilima vya Gwassi, na hesabu inabadilika papo hapo. Mnara unahitaji umeme au dizeli, mlinzi, barabara ya kumfikisha fundi, na njia ya kuupeleka mzigo wa data hadi kwenye mkongo. Gharama hizo hazipungui kwa sababu wateja ni maskini. Mawimbi yenyewe husafiri kwa mstari ulionyooka. Mtumbwi ulio katikati ya ziwa unaweza kupata mtandao mzuri kuliko shule iliyo mgongoni mwa kilima umbali wa kilomita tatu kutoka mnarani. Masafa ya chini hufika mbali kuliko ya juu, na ndiyo sababu kuhamishwa kwa televisheni kutoka analogia hadi dijitali mwaka 2015 kulikuwa na maana kubwa kwa mashambani: kuliyaacha wazi masafa mazuri ambayo simu zingeweza kuyatumia. Wengi wetu tulikumbuka tu zile wiki ambazo baadhi ya vituo vikuu vya televisheni vilikuwa vimezimika.

Isebania nako kuna kizungumkuti chake. Mawimbi hayana pasipoti, na mkazi wa mpakani anaweza kujikuta amekaribishwa Tanzania na simu yake ilhali ameketi sebuleni kwake. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda ziliafikiana kupunguza bei za kupigiana simu na kuondoa tozo za wasafiri. Tanzania haikujiunga wakati huo, kwa hiyo Mkuria wa Isebania na nduguye wa Sirari, ambao wangeweza kuitana kwa sauti, waliendelea kutozwa kama wageni wa mbali. Wakajitatulia kwa kumiliki laini za pande zote mbili. Laini hizo nazo, bila shaka, huingia katika zile takwimu za ushindi za kila robo mwaka.

Yote hayo yasitufanye tuamini kwamba watu wa Ziwa wamekaa tu wakisubiri. Kisiwani Mfangano, mwanzoni mwa miaka ya 2010, wanajamii na washirika wao walijenga kituo wakakiita Ekialo Kiona, maneno ambayo kwa Kisuba humaanisha ulimwengu wote. Kiliendeshwa kwa nguvu za jua. Ndani yake mliwekwa tarakilishi na intaneti, na sharti la kuzitumia bila malipo halikuwa pesa: mwanachama alitakiwa kupimwa virusi vya Ukimwi kila baada ya miezi sita. Ikumbukwe kwamba Homa Bay ndiyo kaunti iliyokuwa na kiwango cha juu zaidi cha maambukizi nchini katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018, karibu mtu mmoja kati ya watu wazima watano. Kijana aliyekuwa akiona haya kuonekana kwenye foleni ya kupimwa akapata sababu ya heshima ya kuwa pale: amekuja kusoma barua pepe. Kituo hicho kikazaa pia redio ya jamii iliyotangaza kwa Kisuba, lugha ambayo imekuwa ikimezwa na Dholuo kwa vizazi kadhaa. Sijui mpango wowote wa wizara uliowahi kuunganisha afya, lugha na mtandao kwa akili kiasi hicho.

Turudi shuleni, maana huko ndiko ninakotaka hoja hii ifike.

Katika muda wa miaka kama kumi hivi serikali imehamisha madirisha yake takriban yote hadi mtandaoni. Tume ya Kuwaajiri Walimu ilianza tathmini ya TPAD mwaka 2016, na mwalimu akatakiwa kujaza kazi yake ya muhula katika mfumo wa intaneti. Mwaka 2017 ukaja NEMIS wa kuwasajili wanafunzi, na jina lisiloingizwa humo lilihatarisha mgao wa fedha za masomo. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, Baraza la Mitihani likawataka walimu wapakue kazi za tathmini na kupakia alama za kila mtoto. Mwanafunzi wa kidato cha nne huchagua kozi za chuo kupitia mtandao, na mkopo wa kugharamia kozi hiyo huombwa mtandaoni vilevile.

Sipingi hatua hizo hata moja. Zimewaondolea walimu safari nyingi za kwenda Nairobi kufuatilia faili iliyopotea. Ninachouliza ni nani anayelipia dirisha hilo jipya. Tuseme mwalimu yuko katika shule ya msingi ya kijiji nyuma ya Gwassi, shule isiyo na intaneti yake. Siku ya mwisho ya kupakia alama imekaribia, na maelfu ya walimu nchini kote wamevamia mfumo mmoja. Mwalimu huyo atatumia simu yake, kwa bando alilolinunua kwa mshahara wake, na kama mtandao ni dhaifu atapanda pikipiki hadi sokoni penye saiba, alipe nauli, alipe kwa dakika, na kurudi jioni. Wanafunzi wake wamekaa siku hiyo bila mwalimu. Gharama hii haimo katika bajeti ya wizara yoyote. Ni kodi isiyoandikwa, inayotozwa walimu wa mbali na kuwasamehe wale walio karibu na lami.

Juu yake kuna kodi iliyoandikwa. Ushuru wa bidhaa kwa muda wa maongezi na data ulikuwa asilimia 15 mwaka 2018, ukapandishwa hadi asilimia 20 mwaka 2021, kisha ukarejeshwa hadi 15 mwaka 2023, na hapo hatujataja kodi ya ongezeko la thamani. Serikali inayomlazimisha mtumishi wake kutumia intaneti kisha ikamtoza ushuru kwa kuitumia inajilipa kutoka mfukoni mwake.

Mtanijibu kwamba vifaa vililetwa. Naam, vililetwa. Chini ya mpango wa dijitali ulioanza kutekelezwa mwaka 2016, zaidi ya vishikwambi milioni moja vilipelekwa katika shule za msingi za umma. Vilikuja vikiwa vimepakiwa masomo ya madarasa ya chini, na shule nyingi hazikuwa na mtandao wa kuyaongezea mapya. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mtoto wa Milimani alihudhuria darasa kupitia tarakilishi. Mwenzake wa Nyatike alitegemea redio, ikiwa betri zilikuwa na nguvu. Wengi hawakurejea darasani hadi Januari 2021.

Ni katika mwaka huo huo wa 2020 ambapo anga letu lilipata wageni wa ajabu. Loon, kampuni tanzu ya Alphabet inayoimiliki Google, ilirusha maputo makubwa kilomita kama 20 juu ya ardhi, na kwa ushirikiano na Telkom ikaanza Julai kugawa intaneti katika sehemu za magharibi na katikati mwa Kenya. Januari 2021 wenyewe wakatangaza kwamba biashara haikulipa, na kufikia Machi huduma ilikuwa imesitishwa. Maputo yale hayakuwa na kasoro ya kiufundi iliyoyaua. Yaliuawa na hesabu ile ile inayouzuia mnara kujengwa nyuma ya kilima. Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, hufika popote penye anga wazi, na kwa upande huo ni neema. Mtambo wake ulianza kwa kuuzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Shule yenye wafadhili inaweza kuununua leo. Shule inayotegemea mgao wa serikali unaochelewa itaweza lini?

Sheria tayari imetoa chombo cha kuziba pengo kama hili. Hazina ya Huduma kwa Wote ilianzishwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2009, na kampuni zenye leseni huichangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya kila mwaka. Fedha hizo zilitumika kuunganisha shule za upili za umma 884 na intaneti ya kasi. Ni jambo la kupongezwa, ila shule za upili za umma wakati huo zilikuwa zaidi ya 8,000, na shule za msingi hazikuwemo kabisa katika hesabu hiyo. Nazo shule za msingi ndizo zinazopakia alama nyingi zaidi.

Tangu 2022 serikali imeahidi kilomita 100,000 za faiba na vituo 25,000 vya intaneti ya bure kwa umma. Vituo vya bure hupendeza vikizinduliwa sokoni, mbele ya kamera. Kwa maoni yangu, kila kilomita inayochimbwa Migori na Homa Bay ingeanzia kwanza shuleni na katika zahanati, kisha soko lijiunge kutoka hapo, kwa kuwa soko litapata mwekezaji wake hata lisipotafutiwa. Nguzo za umeme zimekwisha kufika katika shule nyingi za msingi, na Kenya Power yenyewe imekuwa ikikodisha faiba kwenye nyaya zake kubwa. Hakuna sababu ya kuchimba mtaro mpya pale ambapo nguzo imesimama. Serikali za kaunti nazo ziache kuiona faiba inayopita kando ya barabara kama ng'ombe wa kukamuliwa. Kaunti kadhaa nchini zimegombana na kampuni juu ya ada za kupitisha waya, na kila ada hatimaye humwangukia mnunuzi wa bando.

Kuna ombi dogo zaidi, ambalo halihitaji mkopo wala zabuni. Mamlaka ya Mawasiliano, katika taarifa zake za kila robo mwaka, iongeze jedwali moja: idadi ya shule za umma zilizo na intaneti inayofanya kazi, kaunti kwa kaunti na tarafa kwa tarafa, zikitenganishwa na zile zilizounganishwa kisha zikakatwa kwa kushindwa kulipa. Wakuu wa shule wanazo habari hizo tayari. Hata wale walio nyuma ya Gwassi wangeweza kuzituma kwa ujumbe mfupi wa simu, ambao kwa sasa ndio unaowafikia kwa hakika.